Kusinzia mchana baada ya kuumia kichwa: kisa cha dereva wa lori mkoani Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi, watoa mazoezi tiba, na familia zinazouguza mtu aliyeumia ubongo. Mgonjwa na mkewe wameridhia kiandikwe. Jina, umri kamili, kampuni aliyofanyia kazi, hospitali na mahali pa ajali vimeondolewa, na mambo madogo yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Mimi ni mmoja wa timu ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake, iliyompokea mwezi wa tatu baada ya ajali. Ninaandika nikiwa na msimamo: mtu aliyeumia kichwa akisinzia mchana, swali la kwanza liwe anavyopumua usiku, na wa kujibu swali hilo ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Kabla ya ajali

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mkazi wa kata ya pembezoni mwa jiji la Dodoma, dereva wa semi kwa zaidi ya miaka ishirini. Njia yake ni ile inayotoka bandarini Dar es Salaam, ikapita Morogoro na Dodoma, ikaendelea Manyoni na Singida hadi mipaka ya magharibi. Ni mnene, mwenye shingo fupi na pana. Presha iligunduliwa miaka miwili kabla ya ajali. Dawa alizimeza akiwa nyumbani, akasahau akiwa safarini.

Alikuwa mkoromaji anayejulikana. Madereva wenzake walimtania kwenye maegesho, wakamwomba alaze gari lake mwisho wa foleni ili nao wapate usingizi. Nyumbani walichukulia kwamba anakoroma kwa uchovu, kama wanavyosemwa wengi wanaofanya kazi nzito. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hili mbele ya tabibu, na hata kliniki ya presha haikuliuliza.

Ajali na wiki za wodini

Alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, lori liliacha barabara kwenye kipande kilichonyooka na kavu. Hakukuwa na alama za breki. Utingo alitoka na michubuko, dereva akatolewa akiwa hajitambui.

Hospitali ya kwanza iliandika alama 9 kati ya 15 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow. Alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini ni jeraha kali. Picha ya CT ilionyesha michubuko ya ubongo sehemu ya mbele, pande zote mbili, na damu kidogo chini ya utando, isiyohitaji upasuaji. Mtulinga wa kushoto, mfupa unaounganisha bega na kidari, ulivunjika, mkono ukafungwa kitambaa cha kuning'iniza, na kwa sababu hiyo alilazwa chali. Kwa maumivu alipewa tramadoli.

Usiku wa nne muuguzi wa zamu aliandika kwamba oksijeni ilishuka hadi asilimia 82 mgonjwa akiwa usingizini, na ilipanda mara tu alipoamshwa. Akawekewa oksijeni kwa mirija ya puani. Namba zikatulia juu ya 94. Kwa wiki ya kwanza huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, kwa kuwa ubongo uliojeruhiwa hauvumilii kukosa oksijeni hata kwa dakika chache. Ila maneno "ilipanda alipoamshwa" yalibaki kwenye faili bila mtu kuyarudia, na mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani hayakuandikwa kwenye karatasi ya ruhusa.

Nyumbani

Alirudi nyumbani akitembea, akizungumza, akiwatambua watu. Ndugu walifurahi, na ndivyo ilivyostahili. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na kitu cha kumrudishia nguvu: supu, maziwa, mayai ya kienyeji. Kwa miezi miwili na nusu aliongezeka kilo tisa, na watu wakaliona hilo kuwa dalili ya kupona.

Wakati huohuo tabia yake ilibadilika. Alisinzia akila, akisinzia katikati ya mazungumzo, akisinzia kibarazani watoto wakicheza miguuni pake. Aliamka na kichwa kikimuuma, maumivu yakaisha kufikia saa nne asubuhi. Usiku aliamka kukojoa mara nne au tano. Alisahau alichoambiwa dakika kumi zilizopita, akawaka hasira kwa jambo dogo, yeye ambaye zamani alikuwa mpole. Wengine nyumbani walisema ubongo umetikisika, avumiliwe tu. Shangazi mmoja alisema ni jinamizi linalomkaba usiku, kwa kuwa alishamsikia akishtuka na kuhema. Ndugu mwingine alishauri apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.

Mkewe alimpeleka kwenye kituo cha tiba kilicho karibu, akaeleza kwamba mumewe hatulii usiku, anagaagaa, anashtuka. Akaandikiwa diazepamu ya kumeza kabla ya kulala, na wiki tatu baadaye kipimo kikaongezwa mara mbili. Usiku mmoja mgonjwa alishtuka akirusha mikono na miguu, akitoa sauti ya kukabwa. Kituo kingine kikaona ni kifafa kilicholetwa na jeraha, kikaongeza fenobabitali. Tramadoli nayo alikuwa bado anainunua duka la dawa, ingawa mtulinga ulikuwa umeshaunga. Kwa hiyo kufikia mwezi wa tatu alikuwa akimeza dawa tatu zinazopunguza nguvu ya kupumua usingizini, kutoka sehemu tatu ambazo hazikuwahi kuwasiliana. Mchana akawa mzito zaidi.

Kliniki ya utengamao

Alikuja kwetu kwa rufaa ya udhaifu wa upande wa kushoto na kuyumba. Siku ya kwanza alisinzia akiwa amesimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi, mikono ikiwa imeshika vyuma. Mwenzangu alimdaka. Mtu aliyechoka kwa sababu ya jeraha la ubongo huomba kuketi, hupoteza umakini, hukataa kuendelea. Kulala ukiwa umesimama, saa tatu asubuhi, ni jambo jingine.

Mtaalamu wetu wa tiba kwa vitendo, mama mtu mzima mwenye uzoefu mrefu, alimwita mke pembeni.

"Mama, usiku unalala chumba kimoja na baba?"

"Nalala naye dokta, ila mimi silali. Anakoroma mpaka bati linatikisika, halafu kimya. Nabaki nakiangalia kifua. Nikishasema leo ndiyo basi, anashtuka kama mtu aliyeibuliwa majini, anahema, anakoroma tena. Mpaka asubuhi."

"Umewahi kumwambia daktari?"

"Hawajaniuliza. Wananiuliza kama anakula."

Aliombwa amrekodi kwa simu: taa au tochi iwashwe, shuka lishushwe ili kifua na tumbo vionekane, arekodi bila kukatisha kwa dakika tano au zaidi, kwenye saa za usiku wa manane. Alileta video tatu. Ya pili ilitosha. Kukoroma kunapanda, kunakatika, na kwa sekunde thelathini na tano hakuna sauti ya hewa. Lakini kifua na tumbo vinaendelea kupanda na kushuka kwa kupishana, kimoja kikiingia kingine kinatoka. Kisha anakoroma kwa kishindo, mikono na miguu inaruka, anageuza shingo, na mzunguko unaanza upya. Ile mirusho ya mikono na miguu ndiyo iliyokuwa imeitwa kifafa.

Tulichokuwa tunakitazama

Kukatika kwa pumzi usingizini, au apnea ya usingizi, ni hali ambapo hewa inasimama kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuziba: misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inafungika huku kifua kikiendelea kuvuta bila kupata kitu. Ya pili ni ya kiini cha ubongo: amri ya kupumua haitumwi, kwa hiyo kifua nacho kinatulia. Mtu aliyeumia ubongo anaweza kupata yoyote kati ya hizo au zote mbili. Ndiyo maana tulitaka kifua kionekane kwenye video.

Hali hii si adimu kwa waliopata jeraha la ubongo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulipima usingizi wa watu wazima 87 waliokuwa na angalau miezi mitatu tangu waumie ubongo. Karibu nusu walikuwa na tatizo la usingizi, na asilimia 23 walikuwa na apnea ya kuziba. Hao hawakuchaguliwa kwa sababu walilalamikia usingizi.

Vipimo

Tulianza na dodoso la Epworth, linalouliza uwezekano wa kusinzia katika hali nane za kawaida, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3. Zaidi ya 10 ni dalili ya usingizi uliopita kiasi. Swali la kuwa abiria kwenye gari kwa saa nzima tulilieleza kama safari ya basi kwenda Manyoni, na likaeleweka mara moja. Mgonjwa alijipa alama 6. Mkewe, akijaza kwa niaba yake katika chumba kingine, alimpa 19.

Tofauti hiyo ya alama 13 ilitufundisha zaidi kuliko alama zenyewe. Jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo mara nyingi humwondolea mtu uwezo wa kuona mapungufu yake. Hakuwa anadanganya. Kwa ukweli wake wote, yeye alikuwa mzima.

Dodoso la STOP-BANG, linalohesabu kukoroma, uchovu, pumzi kukatika, presha, uzito, umri, shingo na jinsia, lilitoa 7 kati ya 8. Shingo sentimita 44. Presha 168/104.

Tuliazima kifaa cha kidoleni chenye kuhifadhi kumbukumbu za oksijeni usiku kucha. Akiwa macho alikuwa na asilimia 95, ambayo kwa mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, haina shaka. Usingizini ilishuka mara 38 kwa saa, na chini kabisa ilifika 71. Kupitia daktari bingwa aliyeko Dar es Salaam alipata kipimo cha kulala nacho nyumbani, chenye mkanda wa kifuani na mrija wa puani. Pumzi zilikatika au kupungua mara 46 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, na zaidi ya 30 ni hali kali. Nyingi zilikuwa za kuziba, sehemu ndogo za kiini cha ubongo.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kuongeza chochote tulianza kupunguza. Tramadoli ilibadilishwa kuwa parasetamoli. Dawa za jamii ya tramadoli hupunguza msukumo wa ubongo wa kupumua, na hapa maumivu makubwa yalikuwa yameshapita. Diazepamu ilipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mtu aliyeizoea akiachishwa ghafla anaweza kupata degedege, na kwa ubongo wenye makovu hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mke alikabidhiwa karatasi yenye tarehe na idadi ya vidonge, kwa sababu mgonjwa asingeweza kukumbuka.

Fenobabitali ilikuwa na mjadala mrefu. Baadhi yetu tuliona video na kusema hakuna kifafa hapa. Daktari wa mfumo wa fahamu, aliyeshauri kwa simu, alitutahadharisha: video inaonyesha kwamba mirusho *ile* ni ya kuzinduka baada ya pumzi kukatika, haithibitishi kwamba hajawahi kupata kifafa. Jeraha la namna hii linaweza kuzaa kifafa hata baada ya miezi au miaka, na kukosa oksijeni usiku kunakichochea. Akaamua abaki na kinga lakini abadilishiwe. Levetirasetamu kwa kawaida hailazi kama fenobabitali, ila huweza kuongeza hasira, na nyumba hii ilishachoka na hasira. Ikachaguliwa kabamazepini, fenobabitali ikaondolewa taratibu. Ninauheshimu uamuzi huo hadi leo.

Jambo la pili lilikuwa mlalo. Kwa kuwa mtulinga ulikuwa umeunga, hakukuwa tena na sababu ya kulala chali, mlalo ambao ulimi huanguka nyuma kwa uzito wake. Mke alishona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mipira miwili ya tenisi, ili akigeuka chali imsumbue. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iliinuliwa kwa matofali. Kipimo cha kidoleni kiliporudiwa baada ya wiki tano za mlalo na kupunguza dawa, oksijeni ilishuka mara 22 kwa saa badala ya 38. Bado ni ugonjwa. Lakini hatua hiyo ilipatikana kwa fulana, matofali na kuondoa vidonge.

Jambo la tatu lilikuwa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Kabla ya hapo tulirudia kusoma picha ya CT kutafuta ufa kwenye sakafu ya fuvu, na tukauliza kama amewahi kutokwa na maji meupe puani. Mtu mwenye ufa unaovujisha maji ya ubongo akisukumiwa hewa puani, hewa hiyo inaweza kuingia ndani ya fuvu. Hakuwa na dalili hiyo.

Bei ya mashine ilizidi uwezo wa familia, na mapato yalikuwa yamesimama. Madereva wenzake walichanga. Ilipofika, mgonjwa aliivua usiku wa kwanza ndani ya dakika chache, na usiku wa pili akaitupa. Tukarudi nyuma. Kwa majuma mawili alivaa barakoa mchana tu, akiwa macho, akisikiliza taarifa ya habari, kwanza bila hewa, baadaye na hewa. Ratiba ilibandikwa ukutani kwa maneno machache na picha. Mke ndiye aliyefunga mikanda, kila usiku, kwa mpangilio uleule, kwa sababu mtu mwenye kumbukumbu dhaifu hujifunza kwa mwili na mazoea kabla ya kujifunza kwa maelezo.

Kulikuwa na mambo ya hapahapa ambayo kijitabu cha mashine hakiyajui. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma ni mkavu na una vumbi, koo lilimkauka hadi kutoa damu kidogo puani. Chombo cha unyevu kilihitajika, ila maji ya kisima ya mtaani kwake yana chumvi, yakaacha ukoko mweupe ndani ya siku chache. Wakahamia maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Chujio la hewa lilikaguliwa kila wiki. Umeme ulipokatika, maelekezo yalikuwa ni kuvua barakoa, kuvaa fulana ya mipira na kulala ubavu, na mke alijua hilo bila kuuliza.

La nne, na lililouma kuliko yote, lilikuwa usukani. Mgonjwa alisema yuko tayari kurudi barabarani, na shemeji yake alimuunga mkono kwa sababu watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Tuliomba kikao na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika familia. Alionyeshwa video na karatasi ya vipimo. Alikaa kimya, akauliza kama ndugu yake anaweza kulala hivi akiwa anaendesha. Alipojibiwa ndiyo, akasema, "Basi mdogo wangu hashiki gari." Hatukuhitaji kumtisha mtu kwa sheria.

Matokeo

Maumivu ya kichwa ya asubuhi yaliisha ndani ya wiki mbili za kuvaa mashine vizuri. Kuamka kukojoa kulishuka hadi mara moja. Miezi sita baadaye presha ilikuwa 140/86 kwa dawa zilezile, sasa akizimeza kila siku. Alama za Epworth kwa mkono wa mke zilikuwa 9. Mgonjwa alijipa 5, karibu na alizojipa mwanzo.

Mazoezi yalianza kushika. Alivumilia kipindi kizima, akaacha fimbo. Orodha ya maneno aliyotakiwa kukumbuka alianza kurudia mengi zaidi. Hasira zilipungua, ingawa hazikwisha. Kupanga mambo kwa hatua, kama kununua vifaa vya kurekebisha choo kwa utaratibu, bado kunamshinda, na sitarajii kurudi kikamilifu. Mashine huivaa usiku mwingi, kwa saa nne hadi tano, kisha anaivua bila kujua. Hajarudi kuendesha. Anafanya kazi ya kuhesabu mizigo kwenye ghala la mtu wa nyumbani kwao, kwa malipo madogo, akisaidiwa na kijana.

Uchambuzi

Kilichowezesha yote ni swali moja kwa mke. Vipimo vilikuja kuthibitisha alichokuwa anakijua kwa miezi. Kwa mgonjwa asiyejitambua mapungufu, dodoso la kujijazia mwenyewe ni hatari kwa sababu linatoa namba, na namba inaonekana kama ushahidi. Alama 6 peke yake ingefunga mjadala. Aliye peke yake nyumbani, au anayelala chumba cha wanaume wenzake, anahitaji mtu wa kumsikiliza walau usiku mmoja, hata ikiwa ni muuguzi wa zamu mwenye saa ya mkononi.

Sababu ya kuchelewa inaeleweka. Apnea na jeraha la ubongo vinavaa nguo moja: usahaulifu, uzito wa mchana, hasira, kichwa kuuma, kukosa umakini. Jeraha lina picha ya CT, kwa hiyo kila dalili inapelekwa huko na kuachwa huko. Lakini mikondo miwili inaweza kutiririka pamoja. Pumzi inapokatika, oksijeni inashuka na hewa chafu inapanda, mishipa ya ubongo inatanuka, shinikizo ndani ya fuvu linaongezeka, na usingizi mzito ambao ubongo unauhitaji kujijenga unavunjwa kila dakika moja au mbili. Jeraha halikuwa kisingizio. Lilikuwa kweli, na juu yake kulikuwa na kitu kinachotibika.

Diazepamu inastahili kuzungumzwa bila kumlaumu mtu mmoja. Tabibu aliambiwa mgonjwa hatulii usiku, akatoa dawa ya kumtuliza. Mgonjwa akatulia kweli, kwa maana kwamba alichelewa kuzinduka pumzi ilipokatika. Familia ikaona dawa inafanya kazi. Hapo ndipo penye hatari ya dawa za usingizi kwa mgonjwa wa aina hii: zinanyamazisha king'ora. Hakuna kituo kilichokuwa na orodha kamili ya dawa zake. Tangu kisa hiki tunaomba familia ilete mfuko wote wa dawa, pamoja na zilizonunuliwa dukani bila cheti, na tunauweka mezani kabla ya kusoma faili.

Oksijeni ya wodini nayo ilificha. Mtu mwenye koo linalojifunga akipewa oksijeni, namba ya kidoleni hubaki nzuri huku pumzi zikiendelea kukatika, wakati mwingine kwa muda mrefu zaidi. Mgonjwa wa kichwa akihitaji oksijeni usiku tu, hilo liandikwe kwenye karatasi ya ruhusa kwa maneno yanayosomeka.

Sasa swali ninaloliona gumu kuliko mengine: je, apnea ililetwa na ajali, au ajali ililetwa na apnea? Utingo alihojiwa na trafiki kuhusu mwendo na matairi. Sisi tulimuuliza kuhusu usingizi, alipokuja kumtembelea bosi wake kliniki. Akasema kwamba kwa miezi mingi kabla ya ajali alikuwa akimwimbia na kumpigia stori ili asisinzie, na kwamba hata walipolala saa sita nzima kwenye maegesho bosi aliamka mchovu. Kipande kilichonyooka, alfajiri, bila alama ya breki, dereva mwenye shingo nene, presha na kukoroma kwa miaka: ninaamini ugonjwa ulikuwepo kabla, na kwamba kulala chali, kunenepa na vidonge vilivyofuata viliufanya mkali zaidi. Siwezi kulithibitisha, na kwenye faili liliandikwa kama uwezekano. Kinachofahamika kutoka tafiti za nchi nyingine ni kwamba dereva mwenye apnea isiyotibiwa yuko kwenye hatari ya ajali takribani mara mbili au zaidi ya asiye nayo. Dereva huyu alipita kliniki ya presha kwa miaka miwili. Hapo ndipo pa kuuliza.

Upande wa kilichoshindikana, saa nne kwa usiku ni chache. Sehemu ya mwisho ya usiku, ambayo ndoto ni nyingi na misuli hulegea zaidi, ndiyo anayoipitia bila mashine. Tumejaribu barakoa nyepesi, tumejaribu mke kumvisha upya saa kumi alfajiri, lakini mke naye ni binadamu na ana kazi ya kufungua kibanda cha mboga asubuhi. Uzito haujashuka zaidi ya kilo tatu. Ulaji ni suala la ukoo mzima, na kumwambia shangazi aliyetembea kutoka Bahi na kidumu cha maziwa kwamba asilete ni jambo ambalo familia haijaweza, wala sisi hatujapata njia nzuri ya kuisaidia.

Pia isidhaniwe kwamba kila aliyeumia ubongo na kusinzia atachangamka akivaa barakoa. Wapo ambao pumzi hurekebishwa na usingizi wa mchana ukabaki, kwa sababu sehemu za ubongo zinazotuweka macho zenyewe ziliumia. Kwa mgonjwa wetu sehemu kubwa ilirudi. Familia iliambiwa mapema kwamba huenda isirudi yote.

Pale ambapo mashine haipo

Wengi watakaosoma hapa hawatapata kipimo cha usingizi wala CPAP karibu nao. Zahanati ya kijijini Mpwapwa au Kondoa bado inaweza kufanya mengi ya yaliyomsaidia mgonjwa huyu katika wiki tano za kwanza. Muulize anayelala naye kama anakoroma, kama pumzi inakatika, kama anashtuka akihema. Tazama video ya simu. Pima shingo na presha. Ondoa dawa za kulewesha kwa utaratibu, ukishauriana na aliyeziandika. Mlaze ubavu, inua kichwa cha kitanda, ongea kuhusu pombe ya jioni na uzito. Kifaa cha kidoleni kikionyesha namba nzuri kwa dakika mbili mgonjwa akiwa macho, hicho si kipimo cha usiku. Na hata kikikaa usiku kucha na kutoa namba nzuri, bado dalili zikiwepo apewe rufaa.

Katika fomu yetu ya mapokezi ya waliojeruhiwa kichwa sasa kuna mstari wa jina na simu ya mtu anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Mtu huyo anapigiwa simu kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi.